Wawili kwenye pikipiki moja: mwongozo wa kupanda Kona 57 hadi Kitulo

Mume wangu huendesha, mimi hukaa nyuma. Ushauri mwingi wa safari za pikipiki hutolewa na aliyeshika usukani, na abiria hutajwa mle pamoja na mabegi. Milimani mambo hayaendi hivyo. Anayekaa nyuma ndiye anayechoka bila kuonekana, ndiye anayeganda kwa baridi kwa kuwa hana kazi ya mikono, na uzito wake ndio unaoamua breki zitashika wapi. Kwa hiyo kila hatua hapa chini, tangu kuchagua mwezi hadi kuchagua upande wa kupandia mlima, nimeipanga kwa kumwangalia yeye kwanza.

Njia yenyewe ni mzunguko wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Mnapanda Kitonga kuingia Iringa, mnafuata barabara kuu ya TANZAM iendayo Zambia, kupitia Mafinga na Makambako hadi Mbeya, kisha mnarudi Chimala kuupanda ukuta wa mlima kwa zile Kona 57 hadi Matamba. Kutoka hapo mnakatiza uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, mnashukia Makete, mnapita Njombe na kutokea tena Makambako. Kutoka Dar es Salaam kwenda na kurudi tengeni siku tisa au kumi. Kutoka Iringa, sita zinatosha. Siku chache kuliko hizo ni za mtu anayeendesha peke yake.

Hatua ya kwanza: chagueni mwezi

Kwa wanaokwenda mara ya kwanza, Septemba na Oktoba. Barabara za udongo zimekauka, na baridi kali ya katikati ya mwaka imelegea. Juni hadi Agosti pia ni kiangazi, lakini usiku wa kule juu unafika kwenye barafu, na asubuhi nyasi za Kitulo mnaweza kuzikuta nyeupe. Aliyezoea joto la Pwani hiyo si baridi ya kufanyia majaribio akiwa juu ya pikipiki.

Tatizo la Oktoba ni maua. Kitulo huchanua mvua zikishaanza, Novemba hivi, na hushamiri kati ya Desemba na Machi. Kama maua ndiyo yanayowapeleka, nendeni mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wakati mvua bado ni za vipindi, na muwe barabarani asubuhi tu. Mvua za milimani hupenda kushuka mchana na jioni. Februari na Machi uwanda ni mzuri kupita maelezo, lakini udongo ukishalowa wiki nyingi mfululizo unateleza vibaya, na kwa watu wawili juu ya tairi mbili nasema hapana. Miezi hiyo nendeni kwa gari.

Hatua ya pili: iandaeni pikipiki kwa watu wawili

Pikipiki ya cc 150 kama zile za bodaboda inafika, na wenyeji wanaipanda nayo kila siku wakiwa na magunia. Lakini jueni hesabu yake. Hewa inakuwa nyepesi kadiri mnavyopanda, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kitulo robo nzima ya nguvu imeshaondoka, nanyi ni wawili na mzigo. Cc 200 na kuendelea inapumua zaidi. Kama mtatumia ndogo, mwambieni fundi awafungie spoketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi: mwendo wa juu utapungua kidogo kwenye lami, lakini gia ya kwanza itakuwa na msuli mnaouhitaji.

Shokapu za nyuma zikazeni hadi alama ya juu, kisha kaeni wote wawili na mtazame taa. Abiria akikaa, nyuma hushuka na taa huangaza juu, machoni mwa madereva wa malori. Irekebisheni mkiwa mmekaa. Cheni nayo ipimwe mkiwa juu yake, kwa sababu inayoonekana sawa pikipiki ikiwa tupu inaweza kukaza sana shokapu zikibonyea. Breki za nyuma zifungwe mpya hata kama zilizopo bado zina uhai. Tairi ziwe na meno ya kushika udongo, na upepo wa nyuma uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki kwa ajili ya watu wawili. Kitabu hichohicho kinataja uzito wa juu wa kubeba. Jumlisheni miili yenu, makoti, kofia ngumu na begi, mkikumbuka kwamba mtu wa kilo 70 na wa kilo 60 wameshafika 130 kabla ya mswaki.

Vipuri: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, vyuma vya kutolea tairi, plagi na spana yake, waya wa klachi, kiungio cha cheni, na mkono wa klachi, maana pikipiki ikianguka hata ikiwa imesimama, ndio unaovunjika.

Mzigo mzito ukae chini na karibu na abiria, wala usirundikwe mwishoni mwa keria. Uzito ukivutwa nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na mlimani jambo hilo ni hatari kwa sababu mwinuko wenyewe unaliinua tayari. Fungeni kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Inabana kuliko kamba na haikatiki ovyo. Abiria asivae begi zito mgongoni. Mabega yatamuuma kabla ya Mikumi.

Nyaraka ni kazi fupi: leseni yenye daraja A kama pikipiki inazidi cc 125, au A1 kama ni ndogo, kadi ya pikipiki, na bima. Mkatapo bima ndogo, mwulizeni wakala waziwazi kama abiria wa nyuma amejumuishwa. Kofia ngumu ni mbili, na ya abiria iwe nzuri sawa na ya dereva, yenye kioo na kamba inayofunga kidevuni. Naona watu wakinunua nzuri ya mbele na kumpa mke ile ya akiba iliyopasuka sponji. Kichwa cha nyuma hugonga lami ileile.

Hatua ya tatu: vaeni

Kadirio la kawaida ni kwamba joto hupungua nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000. Mtoke Dar kwenye nyuzi 30, Kitulo mtakuta 13 mchana, kisha ongezeni upepo wa mwendo. Vaeni kwa tabaka: fulana, sweta, koti lisilopitisha upepo, na koti la mvua juu ya vyote pindi ukungu unapoanza. Makoti ya theluji ya mitumba yanafaa sana na bei yake inavumilika. Watu wa bodaboda wa Njombe na Makete huweka gazeti au kipande cha boksi kifuani ndani ya koti, nasi tunafanya vilevile. Glavu ziwe za sufu ndani na za mpira juu. Viatu vifunike vifundo vya miguu.

Dada zangu, suruali. Kukaa upande na kanga au kitenge ni mazoea ya safari fupi za mjini; mlimani haifai kabisa. Ukikaa upande huwezi kulala na kona, huwezi kujizuia breki ikikamatwa, na ncha ya kanga ikiingia kwenye cheni itakushusha kabla hujapiga kelele. Ushungi ufungwe na uchomekwe ndani ya koti. Na upande ulio na ekzosi, hakikisha suruali ni nene na mguu unajua mahali pake.

Hatua ya nne: jifunzeni kuwa mwili mmoja

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nayo ndiyo iliyobeba safari nzima. Kabla ya kwenda mbali, tengeni siku kadhaa za kupanda pamoja kwenye barabara ya lami yenye kona. Walio Tanga au Moshi wana bahati: barabara ya Mombo kwenda Soni na Lushoto ni darasa kamili.

Kupanda na kushuka kuwe na utaratibu. Dereva anasimama imara, miguu yote miwili chini, breki ya mbele imebanwa, ndipo anasema, "Panda." Abiria hapandi wala hashuki bila neno hilo, hata kama mmesimama sheli. Pikipiki nyingi za watu wawili huangukia palepale zilipoegeshwa.

Kwenye kona, abiria anatazama juu ya bega la dereva la upande ule kona inakoelekea. Kulia, bega la kulia. Kushoto, la kushoto. Akifanya hivyo tu, mwili wake utalala kiasi kinachotakiwa bila kufikiri. Asijiinue kupingana na kona kwa hofu, na asijilaze zaidi kwa bidii. Miguu haiondoki kwenye vikanyagio.

Mteremkoni, breki humsukuma abiria mbele, naye akimlalia dereva, mikono ya dereva hubeba uzito wa watu wawili. Kwa hiyo mkono mmoja ushike chuma cha nyuma cha kiti na mwingine ujizuie kwenye tangi la mafuta. Kwenye mwinuko ni kinyume: inama mbele, mshike kiunoni, uzito wako usogee kuelekea gurudumu la mbele.

Ishara zetu sisi ni hizi: kugusa bega mara moja ni "nina haja ya kusimama, tafuta mahali pazuri", mara mbili ni "punguza", kubana bega kwa nguvu bila kuachia ni "simama sasa." Ishara ya tatu haijadiliwi. Dereva husimama, ndipo anauliza. Mkikubaliana jambo hilo nyumbani, mtaokoa ugomvi mwingi barabarani, na ugomvi juu ya pikipiki ni hatari ya kweli: aliyekasirika hukaza mwili, na mwili uliokaza haulali na kona.

Dereva naye ana wajibu wa kusikiliza nyuma. Kofia zikianza kugongana ovyo, abiria anasinzia. Abiria aliyekuwa akizungumza akinyamaza, au akijibu kwa kutafuna maneno, ni baridi imemwingia. Msisubiri mji ujao. Simameni, atembee, anywe kitu cha moto, avae tabaka jingine.

Hatua ya tano: Mikumi na Kitonga

Kwa wanaotoka Dar, laleni Morogoro. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na pikipiki haina bati la kuwakinga na nyati. Piteni jua likiwa limepanda, kamwe si alfajiri wala magharibi, wala msisimame kupiga picha. Mkiona tembo karibu na barabara, simameni mbali nyuma ya gari au lori, subirini lipite nanyi mfuate. Heshimuni vibao vya mwendo. Vimewekwa kwa ajili ya wanyama, na faini ya kugonga mnyama ni kubwa.

Baada ya Mikumi mjini mnaingia bonde la Ruaha lenye mibuyu, joto linarudi, kisha baada ya Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kuupanda mlima wa Kitonga. Ni lami nzuri, lakini ni nyembamba kwa wingi wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Lori linalopanda hutambaa, na kishawishi cha kulipita kwenye kona ni kikubwa. Msipite mahali msipoona mwisho wake. Dereva wa lori akiwawashia indiketa kuwaambia piteni, ni wema, lakini amini macho yako mwenyewe. Anayekuja kwa juu yeye hamjui.

Mkikuta matawi ya miti yametandazwa barabarani, kuna gari lililoharibika mbele, pengine nyuma ya kona ileile. Punguzeni hapohapo. Wakati wa kurudi, mkishuka, harufu ya breki zinazoungua ikitoka kwa lori lililo mbele, kaeni mbali nalo sana. Ikitoka kwa lililo nyuma yenu, tokeni barabarani mahali penye nafasi liwapite.

Msiteremke kwa nyutro. Najua bodaboda wengi hufanya hivyo kuokoa petroli. Gia ndiyo breki yenu ya tatu: mlipandia gia ya pili, shukieni gia ya pili au ya kwanza, injini iwashike, na breki zenyewe zibanwe kwa vipindi kisha ziachiwe zipoe. Breki ya ngoma iliyobanwa kilomita tano mfululizo huacha kushika bila taarifa. Ikishapata moto, simameni ipoe yenyewe. Msiimwagie maji.

Hatua ya sita: Mbeya kwanza, halafu mlima

Kutoka Iringa hadi Mbeya pumzikeni Makambako au laleni hapo. Mtapita Chimala, mtauona ukuta wa mlima kushoto kwenu, na mtatamani kupanda siku hiyohiyo. Endeleeni Mbeya, kilomita chini ya 80 mbele. Mji uko karibu mita 1,700, na usiku mmoja au miwili hapo unauzoesha mwili hewa nyepesi. Watu wa Pwani wakifika Kitulo moja kwa moja huumwa kichwa na kuhema wakipanda ngazi tu. Maji mengi, chakula cha kutosha, pombe mbali. Ulanzi wa Iringa na Njombe uacheni hadi pikipiki itakapokuwa imeegeshwa hadi kesho yake.

Siku ya mapumziko itumieni kwenye barabara ya Mbeya kwenda Chunya, lami ya kilomita kama 70 inayovuka safu ya Mbeya juu kabisa, kwenye msitu wa misonobari na ukungu, kisha inashuka kwenye joto la Chunya, mji wa dhahabu wa zamani. Acheni mabegi gesti. Lengo ni kupanda na kushuka mlima wa kweli mkiwa wepesi, ili kesho yake kama kuna kitu hakiko sawa, breki au goti la abiria, mkijue mkiwa bado karibu na mafundi. Kwenye kituo cha kutazama mandhari wanakoita Mwisho wa Dunia, bonde la Usangu linaonekana lote chini yenu. Simameni hapo muda mrefu. Safari hii si mashindano.

Hatua ya saba: Kona 57

Kutoka Chimala kwenda Matamba barabara inapanda ukuta wa mlima kwa kona zinazojikunja moja juu ya nyingine, ndiyo maana wenyeji huiita Hamsini na Saba. Nawashauri muipande, msiishuke. Wengi hufanya mzunguko kinyume, Njombe kwanza, wakaishuka wakiwa wamechoka na breki zao zimechoka. Kupanda kunachosha injini na klachi. Kushuka kwenye kokoto na abiria kunaegemea gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele likiteleza hakuna wa kuliokoa. Injini iliyochoka hupumzishwa.

Jazeni petroli Chimala, tangi pomoni. Waulizeni vijana wa bodaboda walioteremka asubuhi hiyo hali ya barabara, na kama mvua imenyesha usiku. Wakisema kuna utelezi, kunyweni chai siku nzima, mpande kesho. Anzeni kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, ukungu ukiwa umepanda na mvua ya mchana haijaja.

Sasa sikilizeni vizuri. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona zinazopinda kushoto mnazichukua kwa ndani, na ndani ndiko kunakoinuka zaidi. Hizo ndizo ngumu. Kona za kulia mnazunguka kwa nje, mwinuko ni mpole, ila bonde liko ubavuni mwenu. Kila kona, dereva aingize gia ya kwanza au ya pili kabla ya kupinda, si katikati yake. Apige honi. Atazame mahali anapotaka kutokea, maana pikipiki hufuata macho. Mafuta yawe yaleyale, bila kuongeza kwa kishindo wala kuachia. Breki ya mbele isiguswe usukani ukiwa umekunjwa na mwendo ukiwa mdogo. Hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Kama kuna haja ya kupunguza, ni ya nyuma, kwa mguu mwepesi.

Mkikosa nguvu katikati ya kona, msipambane. Baneni breki zote mbili, dereva ashushe mguu, abiria atulie palepale hadi aambiwe, kisha ashukie upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Dereva anaondoka peke yake: mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma, wa kushoto chini, gia ya kwanza, klachi inaachiwa hadi injini inapoanza kuvuta, ndipo breki inaachiwa. Abiria anamkuta juu ya kona. Mimi hutembea kona kadhaa kila tunapopanda hapo na sijawahi kuona aibu. Kwa miguu ndipo unapoona vizuri jinsi Usangu inavyozama chini na jinsi mashamba ya mpunga yanavyong'aa.

Malori ya viazi yakishuka, yapisheni. Sheria inaweza kuwa upande wenu, lakini uzito uko upande wao. Simameni upande wa mlima, injini ikiwa kwenye gia.

Klachi ikianza kunuka au pikipiki ikinguruma bila kuvuta, mpumzike robo saa. Kabureta nayo, kadiri mnavyopanda, inachanganya petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: injini inakwama-kwama, moshi unakuwa mweusi, plagi inapata masizi. Kwanza safisheni chujio cha hewa. Ikizidi, fundi wa Matamba anaweza kupunguza petroli kidogo kwa skrubu ya kabureta. Andikeni ameizungusha kiasi gani, mtaihitaji hesabu hiyo. Upepo wa tairi msiuhangaikie: baridi inaupunguza kidogo na wepesi wa hewa unaupandisha kidogo, mwishowe tofauti ni ndogo.

Hatua ya nane: Kitulo kwa miguu

Laleni Matamba. Ofisi ya hifadhi iko hapo, na hapo ndipo mtakapolipia na kuuliza taratibu za pikipiki kwenye barabara inayokatiza uwanda. Kitulo haijawekwa kwa ajili ya kukimbizana na simba. Ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake, na wenyeji waliiita Bustani ya Mungu muda mrefu kabla ya tangazo hilo. Ina aina zaidi ya 350 za mimea, na kati yake aina 45 za okidi za ardhini.

Egesheni pikipiki, mtembee. Miguu iliyokuwa imekunjwa siku nne itawashukuru. Mlima Mtorwi, mita 2,961, uko pale pale kwa wenye pumzi. Tembeeni kwenye njia, na msing'oe kitu. Viazi vya okidi hizi vilichimbwa kwa magunia vikapelekwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya watu wapiganie uwanda huu ulindwe. Shimo moja la kiazi kilichochimbwa ni ua ambalo halitarudi, nami huumia kuliona.

Jambo dogo la jikoni: kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi kama 91 badala ya 100, kwa hiyo maharage hukawia sana. Kama mnakula kwa mamantilie, agizeni viazi au mayai, au mwambieni mapema.

Uwanda wenyewe unadanganya. Baada ya kona zote zile ni wazi na tambarare, na dereva hutaka kukimbia. Kuna upepo wa ubavu unaosukuma pikipiki yenye mzigo, kuna ng'ombe wa shamba la mifugo la Kitulo, na ukungu unafika ndani ya dakika chache. Ukifika, washeni taa ya chini, si kubwa, kwa kuwa kubwa hugonga ukungu na kurudi machoni. Fuateni ukingo wa kushoto, na abiria awe jicho la pili: amwambie dereva kila anachokiona kabla yake.

Hatua ya tisa: Makete, Njombe na kutoka

Kutoka Kitulo hadi Makete mjini bado mna vipande vya udongo. Jazeni petroli Makete, na msiitegemee iliyo kwenye chupa njiani ila kwa dharura. Makete hadi Njombe ni kama kilomita 107, kona nyingi, matufaa na viazi pembeni. Lami inarudisha mwendo na mwendo unaleta usingizi kwa abiria, hasa mchana baada ya kula. Simameni kila baada ya saa moja hata kama hakuna anayeomba. Karibu na Njombe tazameni malori ya mbao na tope wanaloacha kwenye kona.

Laleni Njombe, na jioni hiyohiyo nendeni kwa fundi. Kama kabureta ilipunguziwa petroli Matamba, sasa irudishwe ilivyokuwa, kwa hesabu mliyoiandika, maana injini inayopata petroli pungufu huku chini huchemka na kuungua. Apime breki za nyuma, akaze spoki, apake cheni oili. Kesho yake ni kilomita 60 hadi Makambako, mkunje kulia kwenda Iringa, na Kitonga mtaishuka asubuhi, gia ya pili, mkono mmoja wa abiria kwenye tangi.